Ng'ombe wa Saruji Aliyehamia Arusha

Ndugu zangu wa pale kwa kinyozi,

Tangu nirudi sijaoga kwa amani. Kila nikijipaka sabuni, mtu anapiga hodi: "Bwana Yona, ni kweli mlizuiwa njiani kwa ajili ya ng'ombe?" Nimesimulia mpaka ulimi umeota sugu. Na kila nikisimulia safari inazidi kurefuka, jambo ambalo si kosa langu, ni tabia ya barabara ile. Basi nimeona heri niiandike mara moja kwa kalamu na wino, kama tulivyofundishwa shule ya usiku, ili anayejua kusoma asome na asiyejua asomewe. Habari za vibali na barua za ofisini nitaziruka. Hazina ladha hata ukizitia chumvi.

Dodoma hadi Kondoa

Shemeji yangu Ndahani, kaka wa mke wangu, mnamjua. Mwashi yule mrefu asiyesema neno mpaka neno lenyewe limwombe. Mnamjua pia yule mbuzi aliyemfinyanga kwa saruji akamsimamisha nje ya ghala karibu na stesheni, mbuzi ambaye fisi walikuwa wakija kumnusa na kuondoka wameona haya. Ni huyo mbuzi aliyetuletea makuu. Mzungu mmoja anayetunza bustani za mji wa Arusha alikuwa akipita na gari moshi, akamwona, akashuka. Watu wa kule walimwita Bwana Bustani, nami nitamwita hivyo hivyo.

"Nataka ng'ombe," alimwambia Ndahani. "Mkubwa. Wa kusimama bustanini kando ya mto. Ng'ombe wa watu wote."

Sharti lake lilikuwa hili: ng'ombe akae bustanini siku mbili za soko. Wenyeji wakimpenda, atabaki, na Ndahani ataitwa kutengeneza sanamu nyingine za bustani nzima. Wakimlalamikia, atavunjwa na kuwa kifusi cha kujazia njia.

Ndahani alimtengeneza miezi minane. Nondo kwa ndani, waya wa kuku juu yake, kisha saruji iliyochanganywa na udongo mwekundu, na alimsugua kwa jiwe mpaka ukimtazama unahisi atapiga chafya. Nundu yake ilikuwa kubwa kama kilima cha Simba, pembe zake zingeweza kuanikiwa nguo za kijiji. Wanaume ishirini walimpandisha kwenye lori. Sawa, kumi na wawili. Tulimlaza ubavu juu ya magunia ya nyasi, tukamfunika gunia usoni asiingiwe na vumbi. Mke wangu alinishika mkono: "Wewe ndiye mwenye maneno. Kaka yangu akirudi na kifusi, usirudi naye."

Dereva alikuwa Mzee Rama wa Kondoa, mtu mwenye umri wa barabara. Alikuwa akisimama kila baada ya maili tano kusalimia ndugu zake, na ndugu zake walikuwa wengi kuliko mawe. Kila nyumba tulikunywa uji, na kila nyumba walichungulia nyuma ya lori na kutupa pole.

"Ameugua nini?" waliuliza, wakiona miguu minne imenyooka.

"Hajaugua," nilijibu. "Ndivyo alivyozaliwa."

Kondoa tuliingia siku ya pili, safari ambayo ndege angeimaliza kabla ya chai.

Kizuizi cha mifugo

Baada ya Kolo kuna gogo lililolazwa barabarani, na nyuma ya gogo askari wa mifugo. Mwaka ule kulikuwa na hofu ya sotoka, tauni ya ng'ombe, na hakuna ng'ombe aliyeruhusiwa kupita bila cheti cha sindano.

"Mmebeba nini?" akauliza askari.

Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo, lakini Ndahani, mtu mkweli kupita kiasi, akanitangulia.

"Ng'ombe."

"Cheti chake?"

"Afande," nikasema, "huyu ni wa saruji."

Askari akafikiri. "Mbegu hiyo siijui. Imetoka Kenya?"

"Si mbegu. Ni sanamu. Mgonge umsikie."

Akapanda lorini, akamgonga begani kwa kirungu, ngo, ngo, akashuka akiwa na uso wa mtu mwenye mzigo. "Nimesikia. Lakini amri niliyosomewa inasema ng'ombe yeyote asipite. Haikusema wa nyama. Nikimruhusu huyu, kesho atakuja mtu na ng'ombe wa kweli amempaka saruji."

Cheti changu cha shule ya usiku kilikuwa mfukoni na hakikunisaidia.

Tukashushwa. Ng'ombe wetu akatiwa katika zizi la karantini pamoja na wenzake thelathini waliokuwa wakingoja Bwana Mifugo. Mwanzoni walimkimbia. Jioni walikuwa wamemzoea, na asubuhi dume moja jeusi lilikuwa limesimama mbele yake likimlamba shingo kwa heshima zote, kama mtu aliyeleta posa. Ndahani alikaa juu ya ua wa zizi akitazama, na kwa mara ya kwanza tangu Dodoma nilimwona akicheka.

"Shemeji," akaniambia, "hata kama watu wa Arusha watamkataa, ng'ombe wamemkubali."

"Ng'ombe hawana kamati," nikamjibu.

Siku mbili tulilishwa na mke wa askari ugali wa uwele na mlenda unaovutika kutoka bakulini mpaka mlangoni. Siku ya tatu akaja msaidizi wa mifugo kwa baiskeli, kijana Mrangi mwenye miwani. Alimzunguka ng'ombe mara mbili, akamtazama ulimi, akamshika pua. Kisha akatoa karatasi akaandika kwa mwandiko mzuri: *Hana homa. Hali chochote. Aendelee.* Mpaka leo karatasi hiyo Ndahani anayo.

Bereku hadi Arusha

Mteremko wa Bereku mvua ilikuwa imeugeuza sabuni. Lori lilishuka lenyewe, Mzee Rama akiwa mwenza tu wa safari. Chini tulizama mpaka milangoni. Watu wakatoka mashambani, wakasukuma wakiimba, na walipojua wanamsukuma nani waliimba zaidi. Babati tulikula kambare mwenye urefu wa mtu. Mtu mfupi, lakini mtu. Kutoka Makuyuni nyika ikafunguka, twiga wakatutazama kama wazee wanavyotazama mgeni aliyevaa kofia ndani ya nyumba.

Kisha Mlima Meru ukajitokeza, nusu umevaa ukungu. Barabara ikaingia migombani na kwenye kahawa, baridi ikatuuma masikio, na Ndahani akavua koti lake. Nilidhani amechanganyikiwa. Alikwenda nyuma akamfunika ng'ombe mgongo.

"Ametoka nchi kavu," akasema. "Hajazoea."

Mji wenye mawe yanayotazama

Arusha, jamani! Mji mdogo lakini kila kona jiwe linakutazama. Kuna simba wawili wa mawe langoni pa hoteli, ambao fundi wao nadhani hakupata kumwona simba, maana walikuwa na nyuso za makarani. Kuna nguzo ya kukumbuka askari waliokufa vitani, na kina mama wanaotoka sokoni hupumzisha mizigo kwenye ngazi zake. Kuna bakuli la mawe lenye ndege wa chuma anayetema maji, na wakati tunapita alikuwa akiteka maji humo mpishi wa mtu. Tulizunguka mchana mzima. Ndahani aligusa kila kimoja kwa kiganja, kama daktari. Mimi nilivisifu vyote kwa Kiingereza ili wapita njia wajue nimesoma.

Bwana Bustani alitupokea kando ya Mto Themi, kwenye majani yaliyokatwa sawasawa kama nywele za bwana harusi. Ng'ombe akasimamishwa juu ya jukwaa la mawe, uso umeelekea mlimani.

"Mzuri sana," akasema Bwana Bustani. "Lakini mimi si kitu. Tungoje soko."

Chakula tulikipata kwa mama mmoja muuza maziwa, Yeyo Nasieku, Mwarusha, mwenye shanga shingoni na sauti ya kengele ya kanisa. Yeyo ni mama kwa lugha yao. Alitupa loshoro, mahindi yaliyopikwa yakapondwa na maziwa mgando yenye harufu ya moshi. Bakuli la kwanza nilikula kwa adabu, la pili kwa hiari, la tatu Ndahani alinikanyaga mguu.

Siku ya soko ya kwanza

Asubuhi watu walikuja bustanini kwa mamia, wengine wana mikungu ya ndizi kichwani, wengine fimbo begani. Mimi nilisimama kando ya jukwaa, kifua mbele, tayari kujibu maswali juu ya sanaa.

Hakuna aliyeuliza juu ya sanaa. Walikwenda moja kwa moja kwenye masikio. Mzee mmoja wa Olmotonyi, jina lake Mzee Lomayani, alilishika sikio la kulia, akalipapasa ukingo wote. Akalishika la kushoto. Akazunguka akapapasa paja.

Nikanyosha mkono nimsalimu kisomi. Akautazama kama mtu anayetazama mwiko usio na chungu. Yeyo Nasieku akanisukuma kisogo, nikainamisha kichwa, mzee akanigusa utosini, kwani ndivyo mkubwa anavyomsalimu mdogo kule. Ndipo akasema:

"Ng'ombe wa nani?"

"Wa watu wote, mzee."

"Hakuna ng'ombe wa watu wote. Masikio mazima, ngozi haina alama. Huyu amepotea."

"Au ameibwa," akasema mwingine nyuma yake.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoelewa tulichokuwa tumefanya. Kwa watu wale, kama ilivyo kwa wafugaji wa kwetu, kila ukoo una namna yake ya kukata sikio. Ng'ombe aliyekua mpaka nundu imelala, naye sikio halijaguswa, hawezi kusimama tu hadharani. Lazima mwenyewe atafutwe. Na asipopatikana, lazima mtu amchukue.

Basi wakaanza kumchukua. Mzee Lomayani akasema kwa pembe zile ni wa kwao Olmotonyi. Mzee Saruni wa Nduruma akasema pembe si kitu, tazameni nundu, nundu kama hiyo iko Nduruma peke yake.

"Wewe una macho au una matundu?" akauliza Lomayani.

"Ninayo yaliyowaona ng'ombe wako waliokonda!"

Kufika adhuhuri ng'ombe wetu alikuwa na alama mbili za mkaa, moja kila paja, na fimbo zilikuwa zimeinuka. Bwana Bustani akaja mbio, kofia mkononi, uso mwekundu kuliko saruji yetu.

"Nilitaka bustani, sikutaka vita!" akaniambia. "Soko lijalo wakigombana tena, anavunjwa."

Siku zile za katikati Ndahani hakula. Alimsafisha mkaa kwa kitambaa chenye maji.

"Shemeji," nikamwambia, "wewe ni mtoto wa wafugaji. Uliachaje masikio mazima?"

"Mzungu alisema wa watu wote. Nikasema nikikata alama, nitakuwa nimemfanya wa mtu." Akasuza kitambaa. "Na ningekata ya nani?"

Siku ya soko ya pili

Walikuja mapema, wa Olmotonyi upande huu, wa Nduruma upande ule. Katikati ng'ombe. Nyuma yake Bwana Bustani na vibarua wawili wenye nyundo kubwa, nyundo ambazo kwa macho yangu zilikuwa na vichwa kama vya tembo. Nilitoa hotuba. Nilisema juu ya umoja, juu ya elimu, na juu ya jambo jingine nililosahau katikati. Watu walinipigia makofi kwa huruma, kisha wakaendelea kutukanana.

Bwana Bustani akawaashiria vibarua. Mmoja akatema mate viganjani.

"Ngoja kwanza!" Yeyo Nasieku akaweka kibuyu chake chini, akapita katikati ya fimbo kama anapita katikati ya mahindi. "Wazee wangu, mmemshika masikio, mmemshika mapaja, mmemkadiria nundu. Nani kati yenu amemwuliza aliyemleta?"

Wazee wakatazamana. Akamgeukia Ndahani.

"Wewe mrefu. Baba yako ana ng'ombe?"

Ndahani akatazama chini. Nilitaka kumjibia, Yeyo akaninyoshea kidole kabla sijavuta pumzi.

"Alikuwa nao," Ndahani akasema. "Walikufa wote mwaka wa njaa. Baba akafuata. Tangu hapo sikio la kukata hatuna."

"Lakini alama mnayo?"

"Alama tunayo."

"Imekatwa vipi?"

Ndahani akachukua sikio lake mwenyewe akaonyesha kwa kidole: la kushoto, ncha imepasuliwa kama mkia wa mbayuwayu, na pengo moja dogo chini.

Mzee Lomayani akamtazama Mzee Saruni. "Kwenu iko hiyo?"

"Haiko. Kwenu?"

"Kwetu haiko."

"Basi ng'ombe ni wake," akasema Yeyo. "Amekuja kutuwekea amana. Watu hawaweki ng'ombe kwa marafiki wa mbali? Nyinyi wenyewe wenu wamelala wapi, wote zizini kwenu?"

Vicheko vikapita pande zote mbili, maana kila mzee pale ana ng'ombe kwa rafiki yake ambao mke wake hawajui. Na amana ina sheria yake. Ng'ombe wa mtu aliyewekwa kwako unamlinda kuliko wako. Humchinji, humgawi, na hakuna wa kumgombania.

"Lakini hatuwezi kumpokea hivi," akasema Lomayani. "Akate."

Sikio lile lilikuwa jembamba kama chapati. Saruji ikishakauka haina huruma: ukigonga vibaya, linaondoka sikio zima na nusu ya uso. Ndahani akatoa tindo na nyundo yake ndogo. Vibarua wenye nyundo kubwa wakasogea nyuma kumpisha. Kwanza alilishika sikio kwa chini kwa kiganja, kama mtu anayemtuliza mnyama, na nilimsikia, naapa, akimnong'onezea kwa Kigogo.

Ta. Ta. Ta.

Kipande kikaanguka majanini. Mkia wa mbayuwayu. Akahamia chini. Ta. Pengo. Sikio likabaki limesimama.

Kelele zilizopigwa pale zilisikika mpaka juu ya Meru na kurudi. Mzee Saruni aling'oa nyasi, Mzee Lomayani aling'oa nyasi, wakaziweka pamoja mgongoni mwa ng'ombe, kwani kwao nyasi mkononi ni amani. Yeyo akamwagia maziwa kichwani, yakateremka puani. Wakapangana papo hapo: mwezi mmoja watu wa Olmotonyi wamwangalie, mwezi mmoja wa Nduruma, wasije watoto wakampanda au mchungaji akamfungia mbuzi pembeni.

Bwana Bustani alinivuta shati. "Wamesemaje? Wamempenda?"

"Wamempokea, bwana," nikamwambia kwa Kiingereza kilichonyooka kama reli. "Lakini si wako tena."

Akakuna kichwa muda mrefu. Kisha akawaambia vibarua wapeleke nyundo stoo, naye akamwuliza Ndahani kama anaweza kurudi kiangazi kutengeneza ndama. Ndahani akasema atarudi, lakini ndama mwenye sikio zima hatatengeneza tena.

Kurudi

Kurudi tulitumia siku tatu tu, kwa kuwa ndugu za Mzee Rama walikuwa wameishiwa uji. Pale kizuizini askari alituuliza mgonjwa wetu yuko wapi. Tulimwambia yuko malishoni, na akaandika.

Mwezi sasa umepita. Juzi imefika barua, Yeyo Nasieku amemwandikisha mwinjilisti wa kwao, nami nikaisoma kwa sauti uani kwa Ndahani: *Ng'ombe wako hajambo. Mvua imempiga wiki nzima, hakuugua. Kuvu kidogo mguuni, tumemsugua. Watu wanamsifu.* Ndahani akaniomba niisome mara nne.

Jana tulikwenda mnadani pamoja, kutazama tu. Mzee mmoja mgeni akakaa karibu nasi kwenye gogo, na kama ilivyo desturi, akaanza kuulizia hali: watoto, mvua, kisha ng'ombe. Miaka yote, swali hilo likifika, Ndahani huinuka akajifanya ana haja. Jana hakuinuka. Alinyosha miguu yake mirefu mbele, akaupandisha mmoja juu ya mwingine.

"Ninaye mmoja," akasema. "Nimemweka amana Arusha. Kule majani ni mazuri."